Ukiona barafu kwenye bawa, sema papo hapo

Juzi nimepokea ujumbe kutoka kwa kijana wa Kitanzania anayeishi Columbus, Ohio. Leseni ya urubani binafsi anayo, ya kuruka kwa vyombo, yaani ndani ya mawingu kwa kutegemea vipimo, ndiyo kwanza ameipata, na yeye na wenzake wawili wamechangishana wakanunua ndege ya injini moja. Sikukuu ya Shukrani, mwezi Novemba, anataka kumpeleka mkewe Buffalo kwa shangazi yao. Ananiuliza: “Dada, hii habari ya barafu inatisha kweli, au marubani waoga ndio wanaoikuza?”

Mdogo wangu, nilianza kukujibu palepale kwenye simu, jibu likarefuka, nikaona nililete hapa wasome na wengine. Maana hauko peke yako. Siku hizi tupo wengi tuliotoka Tanga, Kisumu, Bukavu, tukajifunzia kuruka huku ughaibuni, na karibu wote tuna hamu moja: siku moja mama aje kututembelea, apandishwe kwenye ndege ya mwanawe mwenyewe. Hamu hiyo ninayo hadi leo. Ila niliwahi kuketi kiti cha kulia kwenye ndege iliyoshushwa chini na barafu, na nilikwisha kuitwa mwoga kabla hatujaondoka.

Ilikuwa Novemba pia. Ndege ilikuwa Cessna 182, mali ya rafiki wa mume wangu. Yeye alikuwa na leseni ya kuruka ndani ya mawingu, mimi wakati ule nilikuwa na ile ya kawaida tu. Tulitoka Indianapolis kwenda Grand Rapids, Michigan, kwenye sherehe ya kumuaga bibi harusi. Kiti cha nyuma alikaa kaka yake bibi harusi, na pembeni yake mabegi ya sare za kamati nzima, vitenge vilivyoshonwa Indianapolis kwa fundi mmoja tunayemwamini. Kwa gari safari hiyo ni saa nne na kitu. Lakini sare zilichelewa kwa fundi, kamati inapiga simu kila baada ya dakika tano, na mwenye ndege alikwisha kuwaahidi watu kwamba atazileta kwa njia ya anga.

Hali ya hewa nilikuwa nimeiangalia tangu alfajiri. Upepo ulikuwa unavuma kutoka kaskazini magharibi. Anayekaa huku anajua maana yake. Hewa ya baridi kali inatoka Kanada, inapita juu ya Ziwa Michigan ambalo mwezi wa kumi na moja bado lina joto la kiangazi. Inapashwa moto kwa chini, inazoa unyevu, inapanda, na ikifika pwani ya mashariki ya ziwa imeshakuwa mawingu mazito kuanzia South Bend hadi Muskegon. Ndani ya mawingu hayo kuna matone ya maji yaliyo chini ya nyuzi sifuri ambayo bado hayajaganda. Yamekosa kitu cha kugandia. Ndege yako ikipita, umeyaletea.

Tahadhari ya barafu ilikuwa imetolewa kwa eneo lote hilo, kuanzia futi 3,000 hadi 8,000. Na rubani mmoja aliyepita karibu na Kalamazoo asubuhi ile alikuwa ameripoti kwamba imemshika. Nilimwonyesha mwenye ndege simu, nikamwambia sisi hatuna chochote cha kuondolea barafu kwenye mabawa, tuna kipasha joto cha mrija wa kupimia mwendo na hewa ya moto ya kioo, basi. Alicheka. “Shemeji, hayo mawingu ni membamba. Tutayapita kama ukungu wa Lushoto. Usitutie woga mapema.” Kaka wa bibi harusi naye akacheka. Nikapanda, kwa kuwa niliona nikiwemo ndani walau kutakuwa na macho mawili zaidi.

Tuliingia kwenye wingu baada ya kuipita South Bend, tukiwa futi 5,000, kipimajoto kinasoma nyuzi 7 chini ya sifuri. Kwenye Cessna kipimajoto kina kijiti kinachotokeza nje juu ya kioo, na hicho ndicho cha kwanza kuonyesha, kwa sababu barafu hupenda vitu vyembamba kabla ya vinene. Nikakiona kinaota ncha nyeupe. Nikasema, “Barafu imeanza.” Akajibu, “Naiona.” Nikageukia nguzo ya kushikilia bawa upande wangu: ukingo wake wa mbele umeshavaa utepe mweupe, wenye chembechembe. Punde ule weupe ukaanza kung'aa, ukawa kioo. Hiyo ya kioo ndiyo mbaya, kwa kuwa tone haligandi pale lilipogonga, linasambaa kwanza ndipo lishike, na huwezi kuiona vizuri inavyonenepa.

Mwendo ulikuwa kilomita 250 kwa saa tulipoingia. Ukawa 220. Ukawa 190. Autopailoti ilikuwa inashikilia kimo, na hili nataka mlisikie vizuri: inashikilia kimo kwa kuinua pua kidogo kidogo, kimyakimya, na rubani aliyeondoa mikono kwenye usukani hahisi chochote. Ndege inakuwa nzito, inalia, na yeye amekaa anatazama skrini. Nikamwambia aizime. Kisha propela ikaanza kurusha mapande ya barafu, yakawa yanapiga mlango wangu pa! pa! na ndege nzima inatetemeka.

Nyuma yetu kulikuwa na anga safi. Tulitoka huko muda mfupi tu uliopita! Nikamwambia ageuze. Hakukataa, ila alitaka kwanza kuomba kupanda juu, atokeze juu ya mawingu. Akaomba. Mwongoza ndege akamwambia asubiri kidogo. Akasubiri. Sekunde zinakwenda, mwendo unashuka, nami namwambia mwambie hali yetu, mwambie tuna barafu, naye ananiambia kwa utulivu kabisa, “Subiri watujibu, shemeji. Si vizuri kuwakatiza.”

Nilibonyeza redio upande wangu. Nikasema tuna barafu nyingi, hatuwezi kushikilia kimo, hii ni dharura, tunataka uwanja wa karibu sasa hivi. Na sauti ya upande wa pili ikabadilika palepale. Hapakuwa tena na subiri. Tulipewa uelekeo wa kwenda uwanja wa Three Rivers, tukapewa umbali, tukaambiwa kimo cha chini cha usalama, wakatuondolea kila ndege iliyokuwa njiani. Hivyo ndivyo wanavyofanya. Wale watu kazi yao ni kusaidia, lakini hawaoni bawa lako. Wewe usiposema, kwao wewe ni nukta kwenye skrini kama nukta nyingine.

Mwenye ndege alinitazama kwa jicho ambalo sijalisahau. Baadaye aliwaambia watu kwamba nilimnyang'anya ndege.

Tulitoka chini ya wingu tukiwa juu kidogo ya futi elfu moja kutoka ardhini. Kioo cha mbele chote cheupe, kimebaki kitundu cha ukubwa wa kiganja pale hewa ya moto inapopulizia. Injini iko kwenye nguvu zote na bado tunashuka. Uwanja ulikuwa unaonekana kwa pembeni, lakini tusingeufikia. Hapa nampa haki yake: hakushusha flapsi, yale mapande ya nyuma ya bawa yanayoshushwa wakati wa kutua, hakuinua pua kulazimisha, alichagua shamba la mahindi lililokwisha kuvunwa akalielekea. Karibu kabisa na ardhi bawa la kushoto likaacha kubeba, likaanguka. King'ora kinachotakiwa kulia kabla ya hali hiyo hakikulia. Kikonyo chake kilikuwa kimegandia pale pale kwenye ukingo wa bawa.

Tulipona wote watatu. Mimi nilivunjika kifundo cha mkono, kaka wa bibi harusi mtulinga, na rubani aliumia pingili ya mgongo, ameacha kuruka. Nilipotolewa nje nilipitisha mkono wangu mzima kwenye ukingo wa bawa. Barafu ilikuwa nene kama kidole gumba, nayo haikuwa ya duara. Ilikuwa na kingo mbili, moja imechongoka juu na nyingine chini, katikati bonde. Bawa lililochongwa na wahandisi ili hewa iteleze lilikuwa limepewa umbo jingine kabisa. Mabegi yalikuwa yamepasuka, vitenge vya kamati vimetapakaa juu ya mabua na theluji.

Sasa nije kwenye kilichoniuma zaidi kuliko mkono. Kwenye vikao vya jumuiya yetu habari iliyoenea ni kwamba mwanamke aliyekaa mbele alipiga kelele, akamchanganya rubani. Watu niliowapikia, niliowapokea uwanja wa ndege walipofika Marekani mara ya kwanza, walinyamaza. Ripoti ya wachunguzi ilipotoka ikaeleza yaliyo wazi, kwamba ndege isiyo na vifaa vya kuondoa barafu iliingizwa mahali palipotabiriwa kuwa na barafu. Hakuna aliyeisoma kikaoni. Hakuna aliyenijia na neno la pole. Mwaka uliofuata nilianza masomo ya leseni ya kuruka kwa vyombo, kisha ya ualimu, na leo wapo marubani huku Indiana na Michigan ambao mikono yangu ndiyo iliyowafundisha kuzima autopailoti wanapoiona chembe ya kwanza. Najivunia hilo, na sitajificha kulisema.

Turudi kwenye swali lako. Inatisha? FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, imeandika miaka mingi kwamba barafu au jalidi isiyozidi unene na ukwaruzo wa msasa wa chembe kubwa inaweza kupunguza nguvu ya bawa kubeba kwa asilimia 30, na kuongeza ukinzani wa hewa kwa asilimia 40. Msasa, mdogo wangu! Sisemi kidole gumba. Ndiyo maana asubuhi ya baridi unapitisha kiganja juu ya bawa kabla ya kuwasha injini. Jicho litakudanganya, kiganja hakidanganyi.

Na usidhani ukiwa na ndege kubwa na vifaa umeshavuka. Tarehe 20 Desemba 2011 ndege ya TBM 700, ya injini moja ya turbo, yenye vifaa vya kupambana na barafu, iliondoka Teterboro, New Jersey, ikiwa na watu watano, familia na mfanyakazi mwenza, wakielekea Georgia. Rubani alikuwa amearifiwa kuhusu barafu iliyoko mbele. Ilipomshika aliomba apande juu zaidi, waongoza ndege wakawa wanapanga kati yao, ruhusa ikaja, na muda mfupi baadaye ndege ikamshinda, ikavunjikia angani na kuanguka kwenye barabara kuu karibu na Morristown. Wote walikufa. Wachunguzi wa NTSB, bodi ya usalama wa usafiri, walisema barafu ile ilikuwa kali kupita ilivyotabiriwa, na kwamba rubani hakutumia mamlaka yake kujitoa humo upesi. Nilipoisoma ripoti ile nilisimama nikatembea chumbani. Mamlaka yake. Sheria inampa rubani haki ya kuvunja kanuni yoyote inayomzuia kukabili dharura, na mtu anakaa anangoja aambiwe sawa.

Miaka mitatu baadaye, tarehe 8 Desemba 2014, jeti ndogo ya Phenom 100 ilianguka kwenye nyumba huko Gaithersburg, Maryland, ikikaribia kutua. Walikufa watatu waliokuwemo, na ndani ya nyumba akafa mama na watoto wake wawili. Mfumo wa kuondoa barafu kwenye mabawa ulikuwepo, mzima. NTSB ilikuta haukuwashwa. Na mfumo ule usipowashwa, hata kompyuta ya kutahadharisha haijui kwamba bawa lina barafu, hivyo tahadhari inakuja imechelewa.

Wenzangu mnaorusha Cessna Caravan, ndege ndogo ya abiria ya injini moja, huko nyumbani, kutoka Arusha kwenda Serengeti au Dar kwenda Unguja, nanyi nisikilizeni, kwa sababu wengi wenu mna ndoto ya kuja kufanya kazi Kanada au Alaska. Kwetu usawa wa kuganda uko juu sana, futi 15,000 na zaidi, kwa hiyo barafu ya bawa mmeisoma kitabuni tu. Tarehe 6 Februari 2025 Caravan, ndege ileile mnayoijua kama kiganja cha mkono wenu, ilipotea ikielekea Nome, Alaska, watu 10 wakafa. Taarifa ya awali ya wachunguzi ilionyesha kwamba ilikuwa imezidi kwa karibu pauni 1,000 uzito unaoruhusiwa kwa ndege hiyo kuingia kwenye barafu. Uzito uliopita kiasi ni hatari siku yoyote, siku ya barafu haukuvumilii kabisa. Na hata hapohapo nyumbani, wenye injini za kabureta, barafu mnayo ndani ya injini. Hewa ikinyonywa kwenye kabureta inapoa mno, na unyevu wa pwani unaganda humo hata nje kukiwa na nyuzi 20 na kitu. Ukipunguza nguvu kushuka Pemba, vuta kipasha joto cha kabureta kabla injini haijaanza kukohoa.

Ushauri wangu wenyewe si mrefu. Kabla ya kuondoka jua njia yako ya kutokea: chini kuna joto? Nyuma kuna anga safi? Kama jibu la yote mawili ni hapana, na ndege yako haijaidhinishwa kuingia kwenye barafu, hakuna safari. Ukiingia kwa bahati mbaya, zima autopailoti, geuza, sema. Usishushe flapsi, maana mkia ni mwembamba kuliko bawa na huwa umeshika barafu mapema zaidi, nawe huuoni. Tua kwa mwendo wa juu kuliko uliouzoea, kwenye uwanja mrefu kadiri utakavyopewa. Na sema. Narudia kwa sababu hapo ndipo tunapofia. Sisi tumelelewa kutomkatiza mkubwa, kungoja tuulizwe, kuomba mara mbili kwa upole. Ni malezi mazuri na wanangu nawalea hivyo. Lakini ukiwa kwenye redio ya ndege iliyoshika barafu, upole wote ule uweke kando. Usiombe, sema unachohitaji na unachofanya.

Na nyinyi akina kaka wenye ndege zenu, acheni kuahidi watu saa ya kufika. Kamati ya harusi haijui nini maana ya nyuzi 7 chini ya sifuri. Ahadi yako ndiyo inayokusukuma kwenye wingu. Mtu aliyekaa pembeni yako akisema anaona barafu, iwe ni mkeo, shemeji yako au mwanafunzi wa mwezi wa kwanza, amekuletea habari ambayo wewe umekosa nafasi ya kuiona. Mshukuru, geuza. Mungu amekupa roho za watu mkononi, si jukwaa la kuonyesha ushujaa.

Kuhusu Buffalo, jibu langu ni hili. Ziwa Erie limelala kutoka kusini magharibi kwenda kaskazini mashariki, na Buffalo iko kwenye ncha yake. Upepo ukivuma kufuata urefu wa ziwa, mzigo wote unatuliwa pale. Novemba 2022 vitongoji vya kusini mwa mji huo vilizikwa na theluji inayokaribia mita 2. Watu wengi wakitaja Buffalo na barafu wanakumbuka ndege ya abiria iliyoanguka Clarence Center tarehe 12 Februari 2009, watu 50 wakafa, ingawa wachunguzi hawakuilaumu barafu bali namna rubani alivyoitikia onyo la kupungua kwa mwendo. Kwa hiyo angalia uelekeo wa upepo siku mbili kabla, kisha usiku wa kuamkia safari, kisha asubuhi. Ukiwa wa kusini magharibi au magharibi na mawingu yamo kwenye baridi, chukua gari. Ni saa tano. Mpigie shangazi simu mapema umwambie mtafika jioni, apange chakula chake.

Anga ikiwa safi kabisa, rukeni, na mkeo ataona maporomoko ya Niagara kutoka juu, jambo zuri sana. Lakini kabla hamjawasha injini mfundishe kile ninachomfundisha kila anayekaa kulia kwangu, awe anajua kuruka au hajui. Kwanza kijiti cha kipimajoto kiko wapi, na kwamba akikiona cheupe aseme bila kuomba radhi. Pili, kitufe cha redio kwenye usukani wake, na maneno ya kusema: namba ya ndege, tuna barafu, ni dharura, tunataka uwanja wa karibu. Mwache ayatamke kwa sauti mara kadhaa mkiwa bado mmeegesha, injini imezimwa, hadi yamtoke bila kufikiri.